Binti yangu kajibu "kwa sababu anampenda", mwalimu kampiga kosa. Nani kasoma vibaya?

#1 Mzee wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Nina kesi ya nyumbani, mimi na mama yake tumeshindwa kuiamua tangu Ijumaa.

Binti yangu yuko darasa la tano. Kusoma kwa sauti hana shida kabisa, gazeti analimwaga kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kaleta zoezi la ufahamu, kapata 2 kati ya 4. Habari yenyewe ni fupi, nainakili yote:

"Mama Zawadi alishuka kwenye daladala, akatazama juu, akaanza kutembea haraka. Njiani alipishana na wauza mitumba wakifunika meza zao kwa maturubai. Alipofungua geti alikuta kamba ni tupu. Ndani, mashuka na sare za shule vilikuwa vimekunjwa juu ya kiti. Akamwita Zawadi, akamkumbatia."

Swali la 1, mama alishuka kwenye chombo gani. Kapata. La 2, wauza mitumba walifunika nini. Kapata. La 3, kwa nini mama alitembea haraka. Kaandika "alikuwa anawahi nyumbani". Kosa. La 4, kwa nini alimkumbatia Zawadi. Kaandika "kwa sababu anampenda". Kosa, tena la wino mwekundu mpaka karatasi imetoboka.

Mama yake anasema mwalimu yuko sahihi, mtoto anapita juu juu. Mimi nasema hakuna mahali habari imesema mvua. Mtoto aitoe wapi? Karibuni.

#2 Ngoja Waje
Ngoja waje walimu. Nimekaa pale.

#3 Mwalimu Chaki
Mkuu, hapo ndipo penyewe. Swali la 1 na la 2 jibu limelala kwenye mstari. La 3 na la 4 mwandishi kakupa vidokezo tu, kuunga ni kazi yako. Katazama juu, maturubai, kamba tupu, nguo zimekunjwa. Ukiviweka pamoja mvua inanyesha yenyewe.

Ila sitamlaumu binti. Nimefundisha Kiswahili miaka 14 na nakiri hapa hadharani: watoto wetu tunawafundisha kuvua neno. Swali likisema "walifunika nini", mtoto anarudi kwenye habari, anatafuta "funika", anaandika kilichofuata. Anapata. Anaweza kupata hata kama habari ingeandikwa kwa lugha ya kuzimu. Sasa swali la 4, anatafuta "kumkumbatia", analikuta, mbele yake kuna nukta. Habari imeisha. Afanyeje? Anachota kichwani kitu cha kwanza: watu hukumbatiana kwa kupendana.

Na kwa nini tunafundisha hivyo? Darasa langu lina watoto 112. Swali la kuvua neno unasahihisha huku unakunywa chai. Swali la "kwa nini" unapata majibu 112 ya aina 112.

#4 Pilipili Kichaa
Huyo kijana wako anacheza sana gemu kwenye simu. Mnyang'anye simu, atafaulu.

#5 Mzee wa Tabata
#4 ni binti, mkuu. Na simu hana.

#6 Mama Chapati
😂😂 #4 kapata sifuri ya ufahamu kwenye uzi wa ufahamu.

#7 Machinga Mstaafu
Mimi niwaambie ukweli, nilivyosoma nilijua mgambo wa jiji wanakuja. Mama kashuka, watu wanafunika meza, anakaza mwendo. Kilichonichanganya ni hilo la kutazama juu, nikasema labda anasoma kibao cha kituo. Kufika kwake kamba tupu, nikasema wameiba nguo. Kumbe zimekunjwa. Basi nikasema anamkumbatia mtoto kwa furaha kwamba mwizi hakupita.

Kwa hiyo na mimi nina 2 kati ya 4, na nina miaka 46.

#8 Kariakoo Damu
#7 wewe hukuwa machinga wa kweli. Mgambo wakija hufuniki, unabeba! Nani atandike turubai wakati gari limeshasimama kona? Turubai ni la mvua tu, na jioni wakati wa kufunga.

#9 Machinga Mstaafu
#8 umenipiga pabaya 😂 Kweli, unafunga fundo unakimbia. Nimesahau kazi.

#10 Kapuku Msomi
Wakuu, #7 na #8 wametupa jibu bila kujua. Suala si akili ya kusoma, ni kuijua mada. Kuna utafiti wa Marekani wa 1978, walichukua wanafunzi wa chuo kikuu wakawapa habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo wakawashinda wasomaji wazuri wasioujua. Mtoto anayekaa ghorofani, nguo zinakauka kibarazani na dada wa kazi ndiye anayezitoa, kamba tupu haimwambii kitu.

#11 Daktari wa Vitabu
#10 habari yenyewe ni ya kweli ila umeikoroga. Ni Donna Recht na Lauren Leslie, 1988, na hawakuwa wa chuo kikuu, walikuwa wanafunzi 64 wa darasa la 7 na la 8. Baada ya kusoma waliambiwa waigize mchezo kwa kusogeza vinyago kwenye kiwanja cha mfano. Hilo la wasomaji dhaifu wenye kujua mchezo kuwazidi wasomaji wazuri, hapo uko sawa.

Jaribuni wenyewe nyumbani. "Dakika ya 86 kocha alimtoa mshambuliaji wake akamwingiza beki. Golikipa naye akaanza kufunga kamba za viatu kila akipata mpira." Muulize mtu asiyejua mpira: nani anaongoza?

#12 Mama Chapati
#11 nimemuuliza mama mkwe. Kasema golikipa anunuliwe viatu vya kubana.

#13 Pilipili Kichaa
Huyo golikipa atakuwa Yanga.

#14 Mwekundu Halisi
#13 umeanza. Turudi kwenye mada tafadhali.

#15 Binti wa Ng'ambo
Assalamu alaykum. Nipo Unguja, ng'ambo. Mie naona tatizo liko mbali zaidi ya hapo. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi, hakuna neno litakalomzuia. Mpe "kabidhi wasii", atakusomea bila kukwama, na hajui kama huyo ni mtu au mdudu. Sasa mzazi anasikia mtoto anateleza, anasema mwanangu anasoma. Bado, huyo anatamka.

Sisi chuoni, chuo cha Kurani, tulihitimu juzuu kwa sauti nzuri bila kujua maana. Ile ilikuwa ibada na ilikuwa na makusudio yake, wala siikosoi. Ila tuliporudi skuli tulikibeba kitabu cha Kiswahili kwa mtindo ule ule: ukifika mwisho bila kukosea herufi, umemaliza.

#16 Mzee wa Tabata
#15 dada, hapo umenigusa. Mimi ndiye ninayemsifia kwa kuteleza.

#17 Mwalimu Chaki
#15 nakubali nusu. Na #10 nusu. Kuna watoto Uingereza walichunguzwa na Jane Oakhill miaka ya 1980, wanatamka vizuri ila kuelewa ndiyo shida. Mwaka 1984 alitoa matokeo haya: ukiwaachia habari mbele yao waitazame tena, maswali ya kuvua neno wanajibu sawasawa na wenzao. Lakini maswali ya kuunga vidokezo bado wanaachwa, hata habari ikiwa mkononi! Kwa hiyo si kusahau. Na habari zenyewe zilikuwa za kawaida za watoto, si za mchezo wa kigeni. Kujua mada peke yake hakutoshi. Lazima mtoto ajue kwamba anatakiwa kuunga.

#18 Kapuku Msomi
#17 mwalimu, atajuaje anatakiwa kuunga kama kitu cha kuunga hana?

#19 Mwalimu Chaki
#18 na binti wa #1 anaishi Tabata. Mvua haijui?

#20 Mkalimani wa Usiku
Naingia kwa upande wa lugha, kazi yangu ni tafsiri. Watu wanadhani kuunga ni kwa maswali magumu tu. Hapana, kila sentensi unaunga. Tazameni:

"Asha alimkuta Mwanaidi analia. Akampa leso."
"Asha alimkuta Mwanaidi analia. Akamwambia amefiwa na bibi yake."

Kwenye ya kwanza nani katoa leso? Asha. Kwenye ya pili nani kasema? Mwanaidi. Lakini "akampa" na "akamwambia" vimeundwa kwa mtindo mmoja: a-ka-m. Sarufi haijakuambia lolote. Umeamua kwa kujua kwamba anayelia ndiye mwenye msiba na asiyelia ndiye mwenye leso.

Vitu visivyo na uhai ngeli inakubebea mzigo. "Aliweka kikombe mezani. Ilikuwa na mguu mbovu, kikaanguka." I- ni meza, ki- ni kikombe, hakuna ubishi. Lakini wakiingia watu wawili wote ni a-, na hapo ndipo nimeona watoto wanapotea: wanamaliza ukurasa hawajui nani kamfanya nani nini.

#21 Kijana wa Kisauni
#20 hapo kwa leso umenichanganya ndugu. Huku kwetu Mombasa leso ndiyo hiyo mwaita kanga. Asha alimvisha mwenziwe kanga mpya kwa sababu ya kulia?

#22 Mkalimani wa Usiku
#21 😂 Samahani, kitambaa cha kufutia machozi. Na umeona? Neno moja tu, picha nzima imegeuka.

#23 Kijana wa Kisauni
Haya. Nami niseme langu. Sisi Kenya tulifinyangwa na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kifungu unapewa, majibu A hadi D. Ulikuwa hutungi jibu, wachagua. Mwalimu wetu alitufundisha kusoma maswali kabla ya kifungu, ukijua watafuta nini kifungu chenyewe huna haja nacho. Lile la mwisho, "methali ifaayo kufupisha kifungu hiki ni", ndilo lilikuwa lataka kichwa. Hilo tulikuwa twabahatisha C.

#24 Pilipili Kichaa
#23 na mtihani ndio huo huo mpaka leo, hamjifunzi.

#25 Kijana wa Kisauni
#24 KCPE haipo tena, wa mwisho walifanya 2023. Wewe leo huna bahati.

#26 Mama Chapati
Kwa kuwa kanga imetajwa. Mnaosema hatujui kuunga, mwanamke wa uswahilini hamumjui. Jirani yangu alinunua kanga ya "Hasidi hana sababu", akaivaa siku tatu mfululizo, akawa anafagia upande wa mlango wangu tu. Maneno matatu. Sikuhitaji mwalimu. Nilijua ni mimi, nilijua ni kwa ajili ya lile bomba la maji, na nilijua nani kampelekea maneno.

#27 Ngoja Waje
#26 na wewe ukavaa ipi?

#28 Mama Chapati
#27 "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Kesi ikaisha, sasa tunaazimana chumvi.

#29 Babu wa Masasi
Wajukuu, mnazunguka. Zamani tulikuwa na vitendawili. Jioni, mko jikoni: kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Ukishindwa unatoa mji. Pale ndipo mtoto alijifunza kupewa kidogo akajaza mwenyewe. Leo jioni wote mnatazama tamthilia iliyotafsiriwa, kila kitu mnaambiwa.

#30 Daktari wa Vitabu
#29 shikamoo babu. Kwa heshima zote, nani kati yetu aliwahi kufikiri mpaka akapata "yai"? Tuliambiwa jibu, tukalikariri, kesho tukamtega mdogo wetu. Ilikuwa ni kujua, si kung'amua. Tulipewa miji mingi sana kwa kukariri.

#31 Babu wa Masasi
#30 marahaba. Wewe ulikariri. Mimi nilitoa miji mpaka Lindi yote ikaisha, ndiyo maana nilikuwa nafikiri.

#32 Nesi wa Zamu
Nimesoma kimya kimya, naomba niongeze la huku kwetu maana halina mchezo. Bibi mmoja aliandikiwa dawa, bahasha ikaandikwa 2 x 3. Ninyi wote mmeshaelewa: vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Sasa pale pameandikwa wapi "kwa siku"? Pameandikwa wapi "vidonge"? Bibi alikunywa viwili kila siku kwa siku tatu, akasema dozi imeisha, zilizobaki akamwekea mjukuu. Na alikuwa anasoma tarakimu vizuri, miwani anayo.

Alirudi baada ya wiki akiwa mbaya zaidi. Tangu siku ile siulizi "umeelewa?" maana kila mtu anajibu ndiyo. Namwambia: nieleze leo usiku ukifika nyumbani utafanyaje.

#33 Mzee wa Tabata
#32 hiyo ni nzito. Asante dada.

#34 Mwalimu Chaki
#32 hilo swali lako nalichukua. Mimi natumia "umejuaje?" Mtoto akisema mvua, umejuaje? Anyooshee kidole neno. Akisema anampenda, umejuaje? Anyooshee. Hapo anaona mwenyewe kwamba kidole hakina pa kutua. Kwa watoto 112 nafanya na wawili watatu kwa siku, wengine wanasikiliza.

#35 Daktari wa Vitabu
Mwalimu, bado. Kidole cha #7 kilitua kwenye maturubai kabisa, na akapata mgambo.

Halafu kuna kitu hatujagusa: kichwa cha habari. Mzee wa #1, habari ilikuwa na kichwa? Mwaka 1972 Bransford na Johnson waliwasomea watu maelezo ya kazi fulani kwa hatua: panga katika mafungu, fungu moja laweza kutosha, usizidishe kwa mara moja, na kadhalika. Waliosikia bila kutajiwa mada hawakuelewa na hawakukumbuka. Walioambiwa kabla kwamba ni kufua nguo, ikawa nyepesi. Walioambiwa baada ya kusikia, haikuwasaidia!

#36 Mama Chapati
Nguo tena. Hizi tafiti zote watu wanafua.

#37 Mzee wa Tabata
#35 nimeangalia karatasi. Kichwa ni "Zoezi la 9".

#38 Kapuku Msomi
😂😂😂 Hapo kesi yangu imeshinda. Wangeweka "Wingu la jioni" watoto wote wangepata.

#39 Mwalimu Chaki
#38 wangepata kwa sababu umewaambia. Hiyo si kupima kuunga, hiyo ni kuvua neno kwenye kichwa cha habari.

#40 Fundi Cherehani
Mnabishana mambo ya shule. Mke wangu jana nimemwandikia "nitachelewa kidogo". Kajibu "Sawa." Na nukta. Siku zote haweki nukta. Nifanyeje?

#41 Kariakoo Damu
#40 geuza gari sasa hivi.

#42 Binti wa Ng'ambo
#40 kaka, hapo una vidokezo viwili, "kidogo" yako na nukta yake. Tizama mara ya mwisho uliposema kidogo ulirudi saa ngapi.

#43 Fundi Cherehani
#42 saa 7 usiku. Nimeelewa.

#44 Mkalimani wa Usiku
Huyo #40 ni somo kamili. Neno moja na alama moja, ila wanajuana miaka kumi. Ningeisoma mimi ningesema mke kakubali.

Lakini narudi kwa mwalimu wa binti. Jibu la 3, "alikuwa anawahi nyumbani", si kosa! Ni jibu la karibu tu. Anawahi nyumbani ili nguo zisilowe. Ningempa nusu. Mwongozo wa kusahihisha umeandikwa na mtu aliyekwisha kuiona mvua, hawezi tena kuisoma habari kama asiyeiona.

#45 Mwalimu Chaki
#44 nusu kwa la 3 nakubali. La 4 hapana.

#46 Mzee wa Tabata
Wakuu, nimerudi. Nimefanya alivyosema Nesi na Mwalimu Chaki. Nimemkalisha binti, nimempa habari, sikumwambia kosa liko wapi. Nikauliza: mama alitazama juu kuona nini?

Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. "Mawingu, baba."

Umejuaje? "Si wanafunika meza."

Sasa kamba tupu? "Zawadi kaanua nguo." Neno "anua" analijua, limemtoka bila kufikiri, na halimo kwenye habari.

Nikamwambia basi mbona swali la 4 uliandika kwa sababu anampenda? Akasema, nanukuu: "Nguo angemwambia asante. Mimi nikianua mama ananiambia asante, hanikumbatii. Kumkumbatia ni kwa sababu anampenda."

Mama yake alikuwa jikoni. Kimya kimetanda mpaka sasa.

#47 Ngoja Waje
Aisee.

#48 Kapuku Msomi
Nimefunga kitabu. Kaunga kwa mambo ya nyumbani kwake. Ndicho nilichosema tangu #10.

#49 Mwalimu Chaki
#48 usikimbilie. Mawingu aliyajua, na kwenye swali la 3 hakuyaandika. Kwa nini? Kwa sababu hakuambiwa kwamba vya kichwani vinaruhusiwa kwenye karatasi. Ndicho nilichosema tangu #3. Huyo binti anaunga vizuri, tumemzoesha kuficha.

#50 Binti wa Ng'ambo
Au aliyaona mawingu leo, baba alipomsimamisha hapo "juu kuona nini", na siku ile alipita kwa kuteleza tu. Swali lenyewe limemwonesha pa kutazama.

#51 Mzee wa Tabata
#50 hilo sikuliwaza. Sasa sijui nilimpima au nilimfundisha.

#52 Nesi wa Zamu
Mzee, mwalimu wake umpelekee hilo jibu la asante. Bila kelele, mpelekee tu.

#53 Mama Chapati
Na mama yake jikoni anasemaje?

#54 Mzee wa Tabata
#53 nimemuuliza tule saa ngapi. Kajibu "Sawa."

#55 Fundi Cherehani
#54 kwa nukta?

#56 Pilipili Kichaa
Kwa hiyo huyo kijana alinyang'anywa simu au bado?